BEI YA KUPASHA CHAKULA: TUPIGE HESABU KABLA YA KUKATWA

Ndugu wanachama,

Mmeliona tangazo lililobandikwa mlangoni pa chumba chetu cha kulia. Tajiri asema kwamba ile maikrowevu inakula stima nyingi mno, kwa hiyo kila anayepasha chakula chake atakatwa shilingi 300 kwa mwezi. Asiyetaka, ale githeri yake baridi. Wengine wetu wamenung'unika. Wengine wamenyamaza wakisema mia tatu si kitu. Maoni yangu ni kwamba tusinung'unike wala tusinyamaze, bali tupige hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Stima huuzwa kwa yuniti. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima. Nimesoma kibandiko kilicho nyuma ya maikrowevu yetu. Kuna wati 800, ambazo ni nguvu inayoingia katika chakula. Lakini inayovutwa kutoka ukutani ni wati 1,200, na hiyo ndiyo mita inayohesabu. Mkebe mmoja wataka dakika tatu. Basi umetumia sehemu 6 katika 100 za yuniti. Tuseme yuniti moja, pamoja na kodi zake, ni shilingi 30. Kupasha mkebe mmoja ni shilingi 1 na senti 80.

Sisi ni watu 40 kwa zamu zote mbili. Kwa siku ni shilingi 72. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,872. Lakini tukikatwa mia tatu kila mmoja, tajiri atapata shilingi 12,000. Hizo elfu kumi na zaidi ni za nini? Hiyo si bei ya stima. Ni kupunguza mishahara kwa kificho.

Tena kule wanakokula wakubwa kuna kabati la kupashia sahani, la wati 1,000. Huwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, liwe na chakula au tupu. Hata kama huvuta moto nusu tu ya saa nane, hiyo ni yuniti 4, yaani shilingi 120 kwa siku. Limeishinda mikebe yetu 40, na hakuna tangazo mlangoni pao.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imetaja makato ambayo mwajiri aruhusiwa kufanya katika mshahara. Tangazo la mlangoni halimo. Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu asitie sahihi karatasi yo yote ya makato kabla ya mkutano wa tawi. Nawaomba wajumbe wetu wapeleke hesabu hii mezani, na wamwombe tajiri afunge mita ndogo katika chumba chetu. Mita haina upande.

Na sisi pia tuna wajibu. Tufunike mikebe, tufute madoa ndani ya mashine, tusipashe chakula kimoja mara mbili kwa sababu ya mazungumzo. Anayedai haki na awe na mikono safi.

Mia tatu ya leo ikipita kimya, kesho tutalipia maji ya kunawa.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi,
Mwanachama wa zamu ya usiku