Mbegu ya pamba Simiyu inastahili zaidi ya kukamuliwa

KILA msimu wa pamba unapofunguliwa, mjadala mkoani Simiyu huwa ni bei ya kilo. Ni mjadala wa haki, lakini unasahau kwamba takriban theluthi mbili ya uzito wa pamba anayouza mkulima wa Bariadi, Itilima au Maswa ni mbegu, si nyuzi. Mbegu hiyo tunaikamua tukapata mafuta ya kupikia na mashudu ya mifugo, basi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapopoteza.

Mafuta yameundwa kwa minyororo ya kaboni. Katika alizeti, karibu minyororo yote ina atomu 18. Katika pamba, takriban robo ina atomu 16, na iliyobaki karibu yote ina 18.

Tofauti hiyo huonekana mafuta yanapogandishwa. Mabua ya mtama yaliyokatwa urefu mmoja hupangika vizuri na mzigo ukazidi kukua. Ukichanganya marefu na mafupi, ncha hazilingani na mpangilio huvurugika. Fuwele za mafuta nazo ni hivyo hivyo. Alizeti ikigandishwa peke yake huota fuwele kubwa, na majarini yake huwa na chengachenga kama mchanga ulimini. Pamba hubaki na fuwele ndogo, mafuta yakawa laini na keki ikaumuka vizuri. Hata kiasi kidogo cha pamba iliyogandishwa, kikichanganywa na alizeti, husaidia.

Wamarekani walifanya biashara hiyo zamani: mwaka 1911 Procter & Gamble ilianza kuuza Crisco, mafuta ya mgando ya mbegu za pamba. Sisi bado tunaagiza mawese kutoka nje.

Ni kweli, kazi hii haiwezi kufanywa na mashine ndogo ya kukamulia. Lazima mafuta yasafishwe kuondoa gosipoli, sumu ya asili ya pamba. Wala tusirudie ugandishaji wa nusunusu, unaozalisha mafuta yanayodhuru moyo, ambayo Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 yaondolewe kwenye vyakula. Yagandishwe kikamilifu, kisha yachanganywe na mafuta ya maji.

Wenye viwanda vya kuchambua pamba, vyama vya ushirika na mabenki wakae meza moja. Na bei ya msimu itenganishe thamani ya nyuzi na ya mbegu, ili kiwanda kikijengwa, mkulima naye aone faida mfukoni.