Mzazi Mgonjwa wa Saratani Aambiwe Ukweli

Mtumishi wa umma aliyezaliwa Simbo, mkoani Kigoma, apatapo habari kwamba baba yake ana saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kufika kwenye ini, wazo lake la kwanza huwa ni kuuza kitu. Liuzwe shamba la michikichi, mzee apelekwe Bugando au Ocean Road. Nia ni njema. Lakini mwenye mwili haulizwi. Mara nyingi huambiwa ana vidonda vya tumbo tu.

Ugonjwa ukifikia hatua hiyo, kwa kawaida matibabu hayakusudii tena kuung'oa, bali kurefusha maisha na kupunguza mateso. Dawa hutolewa kwa mizunguko, kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi kadhaa. Na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mzee ajuaye hayo aweza kuchagua kwenda. Aweza pia kuchagua kubaki nyumbani, apewe mofini ya kunywa, ambayo wengi huiogopa bure, na kuuguzwa na wanawe. Uamuzi huo ni wake, wala si wa kikao cha ukoo kinachofanyika barazani huku yeye akidhaniwa amelala.

Liko pia jambo la bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, uliwapa watumishi nafasi ya kuwaandikisha wazazi miongoni mwa wategemezi wao. Walimu wangapi waliikumbuka nafasi hiyo siku barua ya rufaa ilipokwisha kuandikwa, na picha ya mzee bado haijapigwa?