MAJINA YASIYOANDIKWA: SANAMU YA ASKARI NA DENI LA WAPAGAZI



Katikati ya Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka baharini, amesimama askari wa shaba mwenye bunduki, singe yake ikielekea bandarini. Waingereza walimsimamisha mwaka 1927 kwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita ya 1914–1918. Kabla yao Wajerumani walikuwa wamemsimamisha mjini humo gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann. Mji ulipotekwa mwaka 1916, akaondolewa. Kila mtekaji huja na shaba yake.

Wako wasemao kwamba sanamu hii ni takataka ya ukoloni, ing'olewe. Wako wasemao ni urithi, izungushiwe maua ili wageni wapige picha. Sisi hatukubaliani na hawa wala wale. Mwenye kuing'oa anamfutia mdaiwa deni lake, na mwenye kuipamba anawasahaulisha watu kwamba deni lipo.

Maana sanamu hii ni hati ya deni, na hapo ndipo ulipo urithi wake. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanawataja askari na pia wapagazi, yakiwafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanaahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lizungukeni jiwe lile mkalitafute jina hilo. Hamtaliona hata moja. Na yasemwa walikufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao! Mfalme yupi? Wengi walichukuliwa mashambani mwao kwa nguvu, wakatwishwa mizigo ya vita ambayo chanzo chake hawakuelezwa.

Aliyeinuliwa juu ya jiwe ni askari. Mpagazi ndiye aliyekufa zaidi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria wapagazi waliokufa kuwa karibu laki moja, na wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Wale wa upande wa Wajerumani hata hesabu ya kuaminika hawakupewa. Jina lao limebaki sokoni: Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi pale. Tunalitaja kila siku tukinunua nyanya, tunalipigia kelele Simba na Yanga zinapokutana, na ni wachache wanaojua kuwa ni jina la wafu.

Wala tusidhani walisahauliwa kwa bahati mbaya. Baada ya vita, gavana Mwingereza wa Tanganyika, Horace Byatt, alitaka makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yamezwe na pori upesi. Mzungu aliandikiwa jina lake juu ya kaburi lake. Mwafrika akaachiwa nyasi. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Tutaambiwa kwamba muda umepita na kumbukumbu zimepotea. Mbona Cape Town, mwezi Januari 2025, ulizinduliwa ukumbusho wenye majina ya vibarua Waafrika zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita ile ile? Pale majina yalitafutwa, yakapatikana.

Kanisa nalo halina haki ya kunyamaza. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, wa Kanisa Anglikana, aliongoza wapagazi katika vita hiyo, na baada yake akapinga hadharani kazi za kulazimishwa katika makoloni ya nchi yake mwenyewe. Tobiti aliacha chakula mezani akaenda kumzika ndugu yake aliyetupwa sokoni. Sisi soko letu lina jina la waliotupwa, na bado tunaendelea kula.

Kwa hiyo twadai mambo haya. Serikali, pamoja na tume hiyo ya Uingereza, itafute mahali walipozikwa wapagazi na kupawekea alama kabla hapajajengwa maghorofa. Majina yaliyomo katika nyaraka za zamani yachongwe karibu na sanamu, ya pande zote mbili za vita. Sanamu yenyewe isiguswe.

Nasi tuanze nyumbani. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwaulize wazee ni nani wa ukoo wao aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi. Waulizwe na majirani zetu Waislamu, kwa maana mzigo ule haukuchagua dini. Jina likiwa moja tu, liandikwe pamoja na kijiji alikotoka, likabidhiwe kwa katibu wa haki na amani wa parokia kabla ya Oktoba kwisha, ili yote yasomwe kwa sauti kwenye Misa ya Marehemu Wote, Novemba 2.