Deni Dogo Halidai Wakili, Ladai Karatasi

Ndugu zetu wafanyabiashara wa Kiongoroni, mnaonunua kamba na kaa kwa wavuvi mkawapa matajiri wa mjini kwa mkopo, neno hili ni lenu. Kila msimu hakosi mtu wa kulia kwamba kadhulumiwa, na akiulizwa mbona hashitaki, hujibu: "Mie wakili nitampata wapi?" Hakuna jibu linalowafurahisha wadaiwa sugu kuliko hilo.

Mahakama ya Mwanzo hapa Tanzania husikiliza madai ya deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30. Ni kaa wa mashua ngapi hao? Tena chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, mawakili walikatazwa kusimama humo. Mwaka 2021 ndipo waliporuhusiwa, napo ni pale tu anapoketi hakimu mkazi. Mahakama hiyo iliwekwa ili mtu ajisemee mwenyewe, kwa Kiswahili chake. Mdai akiwa mzee au mgonjwa, hakimu aweza kumruhusu ndugu yake au mtu wa nyumbani mwake amsemee. Jirani zetu Kenya, ambao mahakama zao za madai madogo zilianza kazi mwaka 2021, wanawakubali mawakili, lakini hata huko mtu anaruhusiwa kujisimamia, na shauri latakiwa liishe ndani ya siku 60.

Sasa tazameni shauri lenyewe. Mdai anasema, "Nilimpa kilo arobaini za kaa." Mdaiwa anasema, "Nilipokea ishirini, na nimeshalipa." Hakimu afanyeje? Hapo hata wakili wa Dar es Salaam angekuna kichwa. Kinachokosekana ni karatasi yenye tarehe, uzito, bei na siku ya kulipa, pamoja na saini au dole gumba, na jina la aliyeshuhudia mizani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo lifungeni ndani ya nailoni, maana mashua zetu mnazijua. Na ujumbe wa simu usiufute: "Nivumilie bosi, nitakulipa Ijumaa" ni ushahidi mzuri kuliko machozi.

Wapo watakaosema tajiri ana fedha, atakuja na wakili wake. Yawezekana. Lakini ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Mwendeeni mmoja awaelekeze kupanga maelezo, ila msimtegemee awasemee mahakamani, hana ruhusa hiyo. Ugomvi ukiwa wa ardhi, au wa ubia uliovunjika wenye mahesabu ya miaka, hapo mtafute wakili bila ubahili. Lakini kumlipa wakili laki tano kwa deni la laki sita ni kujidhulumu mara ya pili.

Kushinda nako si kulipwa. Wengi hupewa hukumu wakaiweka sandukuni, wasirudi kuomba ikaziwe ili mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa. Ukishindwa, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, nazo hazimngoji mtu.

Basi mwenye karatasi mkononi asisubiri msimu mwingine. Maji yakijaa apande mashua, ashukie Nyamisati, aende Kibiti akafungue shauri.