Je, mbegu za papai huzuia mimba?

Bila shaka msomaji umewahi kuyasikia haya, ikiwa si nyumbani basi sokoni au ndani ya matatu: kwamba mwanamume anayetafuna mbegu za papai hampi mkewe mimba. Kina mama nao wana lao, kwamba mja mzito akila papai mimba itatoka. Imani hizi ni za kale katika nchi kadhaa za Asia, India ikiwa mojawapo, na ndiko baadhi ya wanasayansi walikoamua kuzipima badala ya kuzicheka.

Kazi ya namna hii huanza na panya weupe wa maabara. Hugawanywa makundi mawili. Kundi moja hunyweshwa dawa kila siku. La pili hupewa maji au mafuta matupu. Kisha madume huwekwa pamoja na majike, na mtafiti huhesabu majike waliotunga mimba. Panya hubeba mimba siku 21 au 22 hivi, kwa hiyo jibu halikawii. Kundi hilo la pili watu hulipuuza, na kumbe ndilo lenye uzito. Bila hilo utajuaje kama ni dawa iliyofanya kazi, au ni panya tu waliokuwa wagonjwa?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rajasthan, mjini Jaipur, hawakuishia kwa panya. Waliwageukia kima aina ya langur, yule ambaye Wahindu humhusisha na mungu wao Hanuman, kwa kuwa kima yuko karibu zaidi na binadamu. Katika matokeo waliyochapisha mwaka wa 2002, madume walipewa kiini cha mbegu za papai, miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kila siku kwa siku 360. Ilipopita miezi mitatu, manii yao hayakuwa na mbegu hata moja. Homoni ya kiume haikupungua, wala vipimo vya damu havikuonyesha dalili za sumu. Siku 150 baada ya dawa kukomeshwa, walikuwa wamerudia hali yao.

Utaona kwa nini jambo hili linawavutia wataalamu. Mpango wa uzazi hadi leo ni mzigo wa mwanamke: vidonge ni vyake, sindano ni zake, koili na vipandikizi pia. Mwanamume ana kondomu na upasuaji wa kufunga mirija, basi.

Lakini wale kima hawakutafuna mbegu. Kiini cha aina hiyo hupatikana kwa kukausha mbegu, kuzisaga na kuziloweka katika klorofomu, kemikali inayochukua baadhi ya vitu vilivyomo na kuviacha vingine. Kinachobaki ndicho kinachopimwa kwa mizani. Ukitumia kipimo kile kile, mwanamume wa kilo 70 angehitaji gramu 3.5 kila siku, tena gramu za kiini, si za mbegu alizokwangua kwa kijiko. Na hata hesabu hiyo haiaminiki, kwa sababu mwili wa binadamu hautumii dawa kwa kasi ile ile ya mwili wa mnyama mdogo.

Kuna na suala la muda. Mbegu ya kiume huchukua siku zaidi ya 70 kutengenezwa mwilini, na zilizokwisha kukomaa zinangoja tu safari. Anayetafuna leo akajiona salama kesho anajidanganya. Wale kima walithibitishwa kwa kupimwa manii chini ya hadubini. Ni nani mwenye hadubini chumbani? Mume akikosea hesabu, si yeye atakayekaa na tumbo miezi tisa. Nawe mwanafunzi wa chuo unayepewa siri hii na mwenzako bwenini, kumbuka kwamba hata manii yasiyo na mbegu yanaweza kubeba virusi vya Ukimwi.

Tuje kwa mja mzito. Mwaka huo huo wa 2002, watafiti wa Singapore walitangaza walichokiona kwa panya. Panya wenye mimba waliolishwa papai bivu hawakudhurika, na watoto tumboni hawakupungua. Utomvu wa papai bichi ulikuwa na hadithi nyingine kabisa: ulipowekwa kwenye kipande cha mfuko wa uzazi wa panya, kipande kile kilijikaza kwa nguvu, mithili ya mfuko unavyojikaza homoni za uchungu zinapofanya kazi.

Kwa hiyo wazee hawakuwa wakibuni tu, ila onyo lao lilisambaa hadi likafika kwenye tunda lisilo na kosa. Namhurumia mama anayenyimwa papai bivu, tunda lenye vitamini A na C, la bei nafuu, kisha anaambiwa akanunue vidonge vya vitamini dukani. La kuepuka ni papai bichi, liwe la mboga au la kachumbari, na pia lile lililoiva nusu. Ukilikata ukaona maziwa meupe yakitoka kwenye ganda, liweke kando siku mbili tatu hadi lilainike na kugeuka rangi lote.