Bima imjue dereva, si gari peke yake

Ninauza bima za magari Mbagala, karibu na stendi ya Rangi Tatu. Mteja akileta kadi ya gari, ninaingiza kwenye mfumo namba ya usajili, namba ya chesisi, mwaka wa kutengenezwa na idadi ya viti. Analipa, stika inatoka kielektroniki, na trafiki anaweza kuihakiki kwa simu. Kwa bima ndogo, ile inayomlipa mtu wa tatu tu, katika hatua zote hizo siulizwi gari litaendeshwa na nani.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya bima yetu. Gari dogo la binafsi hukatiwa bima ndogo kwa shilingi 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwamo. Mwalimu aliyeendesha tangu ujana wake bila kumgusa mtu analipa kiasi hicho. Aliyetiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa analipa hichohicho.

Kwenye daladala hali ni mbaya zaidi. Tajiri, yaani mwenye gari, anamkabidhi gari dereva anayemjua. Mchana dereva akichoka, anamwachia usukani deiwaka, dereva wa kushikizia tu, ili hesabu ya siku ya tajiri isipungue. Deiwaka huyo tajiri hamjui, wala kampuni ya bima haimjui. Kuna kijana aliwahi kuja kukata bima ya kipanya cha tajiri mpya. Mwenzake aliyemsindikiza akaniambia kwamba gari la tajiri wa kwanza lilipinduka mikononi mwa kijana huyo, abiria wakavunjika miguu. Stika ilitoka kwa bei ya kawaida, maana mfumo unahesabu viti, hauhesabu majeruhi wa jana.

Wenzetu Marekani wana utaratibu mwingine. Katika majimbo mengi, anayepatikana na hatia ya kuendesha akiwa amelewa, au bila bima, hutakiwa kuwa na kampuni ya bima inayoithibitishia serikali ya jimbo, kwa hati iitwayo SR-22, kwamba ana bima. Sharti hilo mara nyingi hudumu miaka 3. Bima ikikatika, kampuni huitaarifu serikali na leseni inaweza kusimamishwa. Bei humpandia, ila akitulia bila kosa kwa miaka kadhaa, hushuka tena.

Najua hofu zilizopo. Wateja wangu wanasema bei ikipanda watu watakimbilia kuendesha bila bima. Madereva wanahofia kwamba kila atakayepigwa tochi ya mwendokasi ataandikwa mtu hatari. Kwa hiyo napendekeza faini ndogondogo tuziache kando kabisa. Tuanze na makosa yaliyofika mahakamani yakatolewa hukumu: ulevi kwenye usukani, na uendeshaji wa hatari uliosababisha kifo au majeraha. Na nyongeza ya bei iwe na kikomo cha miaka, ili anayejirekebisha arudi kwenye bei ya wote.

Mamlaka ya Bima, TIRA, ikae na Jeshi la Polisi, namba ya leseni ya dereva iingie kwenye mfumo tunaotolea stika. Tajiri wa daladala aorodheshe madereva wake wote, na deiwaka wakiwemo. Asiyeorodheshwa akigonga mtu, majeruhi alipwe kama kawaida, maana hana kosa, kisha kampuni imdai tajiri aliyeliachia gari lake mikononi mwa asiyemjua.

Matajiri wengi si watu wabaya. Wanaajiri kwa kuulizia mambo mawili: una uzoefu gani, na utaleta hesabu ya shilingi ngapi. Siku watakapoona dereva mwenye hukumu anawaongezea gharama ya bima, watauliza na la tatu kabla ya kukabidhi funguo: umewahi kuumiza watu? Swali hilo likianza kuulizwa kila stendi, bima itakuwa inazuia ajali, haingojei kuzilipia tu.