Analinda Benki, Anakopa Unga

Tumezoea kusema maskini ni mtu asiye na kazi. Basi huyu anayeingia lindo Masaki, Dar es Salaam, saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, huku jina lake likijaza ukurasa mzima kwenye daftari la madeni la Mangi mwenye duka, tumwite nani? Mvivu?

Tufanye hesabu. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimpangia mlinzi wa kampuni ndogo shilingi 148,000 kwa mwezi. Toa mchango wa NSSF wa asilimia 10, zinabaki 133,200. Anaishi Chanika au Kivule kwa sababu chumba cha uwezo wake kiko huko, hivyo anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Nauli ya chini iliyopangwa Desemba 2023 ilikuwa 600, na yeye safari zake si za nauli ya chini. Lakini tumpe hiyo hiyo. Kwa siku 26 ni 62,400. Mkononi zinabaki 70,800, yaani 2,360 kwa siku, na hapo mwenye nyumba, anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hajabisha hodi. Ndiyo maana wakopeshaji wa kausha damu hawakosi wateja. Halafu tunawaandalia watu hawa semina za kuweka akiba!

Msiniambie kwamba mishahara imepanda. Tangazo la Oktoba 2025, la viwango vilivyoanza Januari 2026, lilizungumzia ongezeko la wastani wa asilimia 33.4. Wastani huo umewachanganya wa benki na wa getini. Ipandishe ile 148,000 kwa kiwango hicho hicho uone: haifiki laki mbili.

Tena nimekuwa mpole, maana nimehesabu mshahara bila kuhesabu saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa 12 mara siku sita ni 72, na msinitajie mapumziko ya chakula. Mlinzi gani anaruhusiwa kuacha lindo akale? Saa 27 zimezidi kila wiki. Kwa wiki nne ni 108, na sheria hiyo hiyo imeweka kikomo cha 50. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya usiku ina nyongeza yake ya asilimia 5. Kwa mshahara wa 148,000 saa moja ni kama shilingi 760. Piga saa za ziada za mwezi mzima, ambao ni zaidi ya wiki nne, unakaribia 133,000. Huo ni mshahara wa pili! Asiyelipwa fedha hizo anaibiwa kila mwezi, na mwizi anamjua kwa jina.

Kampuni zitajitetea kwamba soko ndilo linalopanga. Soko ni nani? Ni wewe mteja uliyefungua bahasha za zabuni, ukaona bei moja ambayo hata mtoto wa darasa la nne angejua haitoshi mshahara, NSSF na saa za ziada, ukaichagua kwa furaha. Zikiwemo ofisi za umma. Tangu Julai 2025 mtumishi wa umma wa chini kabisa analipwa 500,000, na ilikuwa haki yake kuongezwa. Anayemfungulia geti asubuhi ameletwa na zabuni, kwa hiyo hahesabiki. Serikali iliyotia saini kima cha chini ndiyo inayonunua ulinzi usioweza kukilipa.

Mnasema aende akashtaki? Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, ila asubuhi ya shauri anatoka lindo hajalala, na jioni akirudi anakuta nafasi yake ina mtu.

Kwa hiyo aanze kubanwa mnunuzi. Zabuni isiyoonyesha mshahara halali, saa za ziada na michango itupwe siku ile ile inapofunguliwa. Mlinzi asipolipwa, mteja adaiwe pamoja na kampuni, awe benki, ubalozi au wizara. Bei ya ulinzi itapanda, ndiyo, na ipande. Atakayeona ni ghali anunue kufuli.